Mguu wa Kushoto wa Dereva

Msumari ulikuwa umepita soli ya kiatu chake cha kushoto ukaingia mguuni, na Dereva alikuwa amekaa juu ya gunia akinywa chai.

Mimi ndiye niliyeuona. Tulikuwa yadi ya Kitale, asubuhi, tukisubiri mahindi yapimwe, na yeye alikuwa ameukunja mguu huo juu ya ule mwingine kama mtu asiye na haraka na dunia. Kichwa cha msumari kiling'aa chini ya soli. Ulikuwa msumari wa mabati, ule wenye kofia pana. Nilidhani umenasa kwenye mpira tu, nikainama nikauvuta kwa utani. Ulitoka polepole, mrefu kuliko nilivyotarajia, na ulipokwisha kutoka ikaufuata damu nyeusi, nzito.

"Unatafuta nini kwa kiatu yangu?" aliniuliza, kikombe bado mdomoni.

Nikamwonyesha. Aliutazama msumari ule kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wa jirani. Kisha akageuza shingo huku na huku kuona ni nani mwingine ameona, na hapo ndipo nami nilipoogopa, kwa sababu sikuwa nimewahi kuona woga kwenye uso ule.

"Weka mfukoni," akasema. "Na ufunge mdomo, wandayi."

Wandayi ni neno la Kibukusu la kumwita ndugu au rafiki. Hakuwa ameniita hivyo hata siku moja.

Baadaye, tulipokuwa wawili ndani ya kabini na vioo vimepandishwa, aliniambia. "Huu mguu hauna habari. Sukari imeumaliza. Nikikanyaga klachi, mimi sijui kama nimekanyaga klachi ama sakafu. Mwenye lori akijua, atanishusha leo. Daktari akijua, ataukata kesho. Sasa wewe umejua. Utafanya nini?"

Jana yake mtu huyohuyo alikuwa ametoka Bungoma na lori lililojaa saruji, amepita Webuye, amepita Misikhu, amekipanda kilima cha Kamukuywa, na wenye baiskeli walikuwa wakimpungia mkono.

Yadi ile ilikuwa ya Singasinga mmoja mzee, na madereva walikuwa wengi, kila mtu na jina lake. Lakini ukisema Dereva, bila kuongeza neno, hakuna aliyeuliza ni yupi. Nyumbani kwake kulikuwa Bokoli. Siku za kazi aliishi na mkewe katika chumba cha kupanga mtaa wa Matisi. Mengine ya ukoo wake siyajui. Hakupenda kuulizwa, na mimi ambaye nimeulizwa hayo katika kila kijiji nilichopita, nilimheshimu kwa hilo.

Mimi niliacha shule nikiwa darasa la saba, si kwa sababu ya ujinga bali kwa sababu dirisha la darasa lilitazama barabara. Nimepasua mbao mlimani Elgon. Nimebeba magunia Moi's Bridge. Nimeendesha baiskeli ya boda boda mjini Bungoma mpaka makalio yakafa ganzi. Nilipofika yadi ile nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, nikachukuliwa kama tanboi, yule anayepanda na dereva ili kupakia, kufunga turubai na kuweka gogo nyuma ya gurudumu lori likisimama kilimani. Nilisema nitakaa mwezi. Kilichonizuia ni gia za lile lori.

Magari ya siku hizi yanamsaidia mtu. Unakanyaga klachi mara moja, unasukuma mti wa gia, inaingia hata kama umekosea kidogo. Lori la Dereva lilikuwa la zamani, la pua ndefu, na halikumsaidia yeyote. Ndani ya sanduku la gia kila gurudumu la meno linazunguka kwa kasi yake, na usipoyalinganisha wewe mwenyewe, meno yanapigana. Ukitaka kushuka gia unakanyaga klachi, unaitoa gia uliyo nayo, unaachilia klachi, unakanyaga mafuta kidogo injini ingurume, unakanyaga klachi tena, ndipo unaingiza. Madereva wanaiita dabo klachi. Ukichelewa kidogo linasaga kwa sauti ya kuumiza fizi, na watu walio sokoni wanashika mashavu. Ukichelewa zaidi linakataa kabisa. Unabaki huna gia yoyote mkononi, na kama uko mteremkoni, umebaki na mzigo wako na Mungu wako.

"Gia ya chini ni mama mkwe," Dereva alipenda kusema. Kwa Wabukusu mwanamume hamwendei mama mkwe wake hivihivi. Hawasalimiani kwa mkono, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. "Huwezi kujitupa ndani ya nyumba yake. Unasimama mbali, unakohoa. Hiyo mafuta kidogo ndiyo kukohoa. Akishasikia ni wewe, akajiweka sawa, ndipo unaingia. Ukiingia bila kukohoa utaona kitu hukutaka kuona."

Na bado, kabla sijauvuta ule msumari, nilikuwa nimemwona kwa miezi mingi akibadilisha gia bila kugusa klachi kabisa. Alipunguza mafuta mpaka mti wa gia ukalegea mkononi, akauchomoa kwa vidole viwili, akasubiri huku ameinamisha kichwa, kisha akausukuma ukaingia kama mkono unavyoingia mfukoni. Akisimama mahali alizima injini. Akitaka kuondoka alitanguliza gia, kisha akazungusha ufunguo, na lori zima likaruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Ndiyo maana hakuegesha mahali tambarare hata siku moja. Alitafuta kateremko, hata kama ni mbali na tunakopakia, na sisi tukabeba magunia tukimlaani kimoyomoyo.

Watu waliuita huo ufundi. Walikuja madereva kutoka yadi nyingine kumtazama. Kijana mmoja wa lori la mchanga aliingiwa na wivu, akajaribu kupanda mlima bila klachi kama yeye, na kilichosikika kilikuwa kama sufuria zimemwagwa kutoka darini. Fundi alipofungua sanduku la gia, meno yalikuwa yamelala kwenye oili. Singasinga aliokota moja, akalifuta kwa shati lake, akamwinulia kijana usoni.

"Hii jino ya nani? Yako ama ya gari?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Dereva hakucheka. Alimsogelea yule kijana akamkaripia mbele ya watu wote. "Klachi uliwekewa ya nini? Ya kupanga viatu? Mtu mwenye miguu miwili anaacha klachi, huyo ni mjinga ama ni mwizi." Nilimwona wakati huo kama mzee mwenye maringo, anayekataza wengine anachofanya yeye. Nilipokuja kujua, maneno hayo yalinirudia. Alikuwa amesema ukweli wote pale yadini, kwa sauti ya juu, na hakuna aliyesikia.

Starta ya lori ilikuwa imechoka kwa kuburuta mzigo kila siku. Haingemaliza msimu. Kwa hiyo alipomaliza kuniambia habari ya mguu wake, aliniambia pia kazi yangu mpya.

"Utakuwa wewe," akasema.

"Nitakuwa nini, Mzee?"

"Mguu."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Kabini ile ilikuwa na kiti kimoja kirefu kutoka mlango hadi mlango. Alinikalisha katikati, mti wa gia ukiwa kati ya mapaja yangu, nikaupitisha mguu wangu wa kulia upande wake mpaka kwenye klachi. Wa kwake wa kushoto aliushika kwa mkono akaurudisha chini ya kiti, kama mtu anayesukuma mzigo wa abiria. Akaniambia, "Nikisema ndani, kanyaga. Nikisema nje, achilia. Usifikiri. Ukifikiri umechelewa."

Ndivyo tulivyoendesha lori, watu wawili, kati ya Kitale na Bungoma. Yeye usukani, mafuta, breki na gia, mimi klachi. Ndani. Nje. Ndani. Nje. Wiki ya kwanza tulisaga meno mpaka mbwa wa Kiminini wakatujua. Kisha siku moja tukikaribia Misikhu niligundua kwamba hajasema neno kwa muda mrefu, na gia zinaingia. Nilikuwa nausikia mwili wake. Bega lake la kushoto lilipolegea, mguu wangu ulikuwa tayari umeshuka. Nilishtuka kiasi kwamba ile iliyofuata niliikosa.

"Nimekuambia usifikiri," akasema.

Matanboi wenzangu hawakutuacha. Tulipoingia kituo cha mafuta tumekaa bega kwa bega na dirisha la upande wa pili ni tupu, walipiga vigelegele. "Bi harusi ameshuka na nani leo?" "Mzee, huyo umemlipia ng'ombe ngapi?" Mmoja alileta majani akanirushia kama maua. Dereva aliwaambia bila kutabasamu, "Mwacheni bana, huyu ni mtu wa mlima. Anaogopa dirisha."

Huo ndio uongo wa pekee niliomsikia akiutamka kwa kinywa. Huyu alikuwa mtu asiyebeba abiria hata mvua ikinyesha, kwa sababu lori si la abiria. Hakupiga honi, alisema honi ni matusi. Akikuta mazishi kando ya barabara alisimama, akavua kofia, akasubiri mpaka watu wavuke. Jumapili aliongoza nyimbo kanisani, akisimama wima mbele ya waumini, na mimi niliyekaa nyuma nilikuwa najua kwamba hajui anakanyaga nini. Siku moja askari wa barabarani alimwamuru ashuke ili akaguliwe. Dereva alimtazama kutoka juu. "Mimi ni mzee, afande. Kushuka ni dakika tano, kupanda ni kumi, na nyuma yangu magari yamefika mtoni. Wewe kijana ndiye upande. Karibu." Askari alicheka, akapanda hadi kwenye kidaraja cha mlango, akatazama leseni, akatutakia safari njema. Leseni ilikuwa safi. Kila kitu kwenye gari lile kilikuwa safi kisheria isipokuwa sisi wawili.

Na chai. Alikunywa chai yenye sukari mpaka kijiko kikasita. Nilipomuuliza mara moja kama hiyo siyo inayommaliza, alikoroga tena. "Imeshakula mguu," akasema. "Si nayo inipe kitu?"

Mkewe tulimwita Mama. Alishona sare za shule kwa cherehani, mlangoni pa chumba chao kule Matisi, na alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye macho ambayo hukutaka yakutulie. Siku ya kwanza Dereva aliponipeleka kwao kula, alisubiri mumewe aende kunawa uani. Kisha akaweka nguo chini.

"Wewe ndiye mguu?"

Nikautazama mlango wa uani.

"Usiogope. Mimi namuosha kila jioni, nitakosa kujua? Juzi nimetoa jiwe kwa kidonda. Jiwe, mwanangu. Lilikuwa limelala huko ndani kama yai. Mimi nalia, yeye anaimba." Akasikiliza maji yakimwagika uani. "Nikimwambia hospitali, ananiambia wataukata. Namwambia, si wakate! Ananiuliza, dereva wa mguu mmoja ataitwa nani? Sasa mimi nakuuliza wewe. Nyinyi mkianguka na hilo lori sokoni, watoto wa watu wale mtawaambia nini?"

Nilikuwa nimelifikiria lori, gia na udadisi wangu. Watoto wa watu sikuwa nimewafikiria. Nikamwambia nitazungumza na Dereva. Nilizungumza naye, kesho yake, tukiwa barabarani, naye akasema "ndani," nami nikakanyaga.

Siku ya mkasa wa Kamukuywa, Mama alikuja yadini mwenyewe. Ilikuwa mchana mweupe, tumebeba mahindi ya kupeleka Bungoma. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani, amebeba kikapu. Hakumsalimia mtu. Alifungua mlango wa upande wa pili, akapanda, akakaa dirishani.

"Unaenda wapi?" Dereva akamuuliza.

"Mahali unaenda."

"Lori hii haibebi abiria. Unajua sheria yangu."

"Mimi si abiria. Mimi ni mwenye mguu. Ninayeuosha ni mimi."

Matanboi walikuwa wanatazama. Dereva akawasha injini.

Tulikuwa watatu kwenye kiti kimoja na Mama hakuwa mwembamba. Nilibanwa katikati, goti langu likiwa upande wa mti wa gia nisioutaka. Mpaka Kiminini Mama alitazama tu chini, mguu wangu ukipanda na kushuka mahali palipopaswa kuwa pa mumewe, na yule mzee akisema ndani, nje, kama mtu anayefundisha mtoto kutembea. Mwishowe akajishika kichwa.

"Yesu wangu! Kumbe ndivyo mnafanya? Watu wawili wazima?"

"Nyamaza, tunafanya kazi," Dereva akasema.

Mteremko wa kuingia Kamukuywa ni mrefu. Siku hiyo ilikuwa ya soko, na kando zote mbili kulikuwa na watu, wenye mitungi ya maziwa, wenye kuku, baiskeli zilizobeba ndizi. Mbele yetu trekta lilikuwa linavuta tela la miwa, linaenda polepole kama ng'ombe. Upande wa pili basi lilikuwa linapanda. Hakukuwa na mahali pa kupita.

"Ndani," akasema. Nikakanyaga, akatoa gia. "Nje." Nikaachilia, injini ikanguruma. "Ndani."

Mguu wangu uliteleza. Ulipiga ukingo wa klachi tu, na gia ikasaga, ikakataa. Mti wa gia ukabaki unacheza mkononi mwake. Lori likaanza kukimbia.

Dereva hakuonyesha hofu. Akashusha mguu wa kulia kwenye breki. Breki ikaenda chini kidogo, ikagota. Akakanyaga tena kwa nguvu zake zote mpaka mgongo ukatoka kwenye kiti. Ikagota palepale, kama kuna jiwe.

Nikatazama chini, nikaliona lile jiwe. Ulikuwa mguu wake wa kushoto. Ulikuwa umetoka wenyewe chini ya kiti, kwa mazoea ya miaka yote ile, kwenda kutafuta klachi, ukapotea njia, ukaingia chini ya breki. Alikuwa anaukanyaga mguu wake mwenyewe kwa uzito wa mwili wake wote, na uso wake haukujua chochote.

"Mzee, mguu! Mguu uko chini!"

"Mguu gani?" akapiga kelele.

Miwa ilikuwa inakuja. Niliona ncha zake zikicheza, niliona mtoto amekaa juu yake akitafuna, akatutazama. Nilijaribu kuinama, mti wa gia ukanizuia kifua. Mama ndiye aliyepita. Alijitupa juu ya mapaja yangu kichwa chini, akaushika mguu ule kwa mikono miwili juu ya kifundo, akavuta kama mtu anayeng'oa muhogo kwenye ardhi kavu. Dereva akainua wa kulia. Mguu ukatoka, kiatu na vyote. Breki ikazama. Injini ikanguruma, nikakanyaga bila kuambiwa, gia ikaingia kimya kabisa, na lori likainamisha pua likalia magurudumu yote. Tuliposimama, ncha za miwa zilikuwa zimelala juu ya boneti. Mtoto aliacha kutafuna.

Watu wa soko walikuja mbio, wakashangilia. "Dereva kweli huyo!" mmoja akasema. "Umeona breki hiyo?"

Ndani ya kabini Mama alikuwa bado chini, ameukumbatia mguu, na damu ilikuwa inapita kati ya vidole vyake, ikichafua nguo ya kanisani.

"Nimekuumiza?" akamuuliza.

Dereva alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayejipapasa mifuko yote akitafuta kitu. "Hapana," akasema. Angekuwa na maumivu hata kidogo, naamini angebishana. Alitamani kujibu ndiyo, na hakuweza kwa sababu hakuwa mtu wa uongo.

"Mguu ulishakufa, Baba," Mama akamwambia polepole. "Kwa nini unataka tuzikwe nao?"

Dereva alichomoa ufunguo. Alinipa mimi, ambaye sikujua kutumia isipokuwa theluthi ya gari lile, akashuka kwa kuteleza kwenye mlango huku Mama akimpokea, na watu wakazidi kushangilia wakidhani anakuja kusalimiana nao. Niliwaona wakipanda gari lililokuwa linaenda Webuye. Aliniacha na lori limesimama katikati ya soko. Singasinga alituma mtu mwingine aje kulichukua, na huyo alisaga gia mpaka Bungoma.

Mimi niliondoka yadi ile wiki iliyofuata. Ndivyo nilivyo. Nilirudi Moi's Bridge, nikaenda mlimani, nikashuka tena. Habari za Dereva nilizipata vipande vipande na havikuungana. Mmoja aliniambia walimkata mguu. Mwingine akasema alitoroka hospitali kabla hajakatwa. Wa tatu aliapa alikwenda kwenye mazishi yake, akala nyama, na kwa kuwa huyo alijua hadi nyimbo zilizoimbwa, nilimwamini. Nilimlilia peke yangu kwenye kibanda cha mbao, mtu ambaye sikujua hata jina lake la ubatizo.

Miaka ikapita. Baiskeli za boda boda zilikwisha barabarani, pikipiki zikachukua kila kona, na watu waliokuwa wakipanga foleni kupiga simu sasa walikuwa nazo mifukoni. Nilikuwa napita Bokoli kutafuta kazi ya kuchoma matofali. Barabara ya udongo pale inapanda kilima kati ya mashamba ya mahindi, na mvua ilikuwa imeichimba. Nikasikia injini nyuma yangu. Niliijua kabla sijageuka, jinsi mtu anavyojua kikohozi cha jirani. Lori la pua ndefu lilikuwa linakuja, limejaa matofali, kutu imeila milango. Nikasogea kando nione ni nani amelipata.

Kwenye usukani alikuwa Mama, kitambaa kichwani, macho mbele.

Na kando yake alikaa marehemu wangu.

Nilipiga yowe, sijui nilisema nini. Dereva alitoa mkono dirishani, kiganja wazi, kunizuia, kama mtu anayemzuia mwingine kusema katikati ya sala. Lori lilikuwa linapoteza nguvu kilimani. Injini ilinyamaza, ikanguruma kidogo, ikanyamaza, na gia ya chini ikaingia bila hata mlio wa kijiko. Walipofika juu, Mama akasimamisha. Ndipo alipogeuka.

"Sasa unaweza kutusalimia," Dereva akasema. "Alikuwa anatafuta gia ya pili."

"Mzee, mimi niliambiwa umekufa."

"Ni huu tu." Akapiga suruali iliyokunjwa na kufungwa kwa pini juu ya goti. "Umenitangulia. Daktari aliniuliza kama nataka kuuona kabla hawajautupa. Nikamwambia wa nini? Tulikuwa hatuongei."

Mama alicheka kwa sauti. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Aliniambia Singasinga alipofunga yadi aliwapa lile lori badala ya kiinua mgongo, kwa kuwa hakuna dereva mwingine aliyelitaka, na lilikaa uani kuku wakitagia ndani. "Nikachoka kuona mwanamume anaangalia gari kama maiti. Nikamwambia, nifundishe. Akakataa. Nikapanda mwenyewe, nikabomoa choo."

"Ati alibomoa choo tu," Dereva akasema. "Na zizi."

"Panda twende, unaona mvua," Mama akaniambia.

Nilipanda. Dereva alisogea katikati, mimi nikakaa dirishani. Tulianza kushuka upande wa pili wa kilima, na nikawa natazama mbele, kwa sababu sikujua nitamtazamaje mtu niliyekwisha kumlilia. Lakini kitu kilikuwa kinasogea pembeni mwa jicho langu. Kile kipande cha paja kilichobaki kiliinuka ndani ya suruali iliyofungwa kwa pini, kikashuka, kikainuka. Mwanzoni nilidhani ni mashimo ya barabara. Kisha nikasikia injini ikibadilika, na nikatazama mguu wa Mama kwenye klachi.

Paja lilishuka kwanza. Mguu wa Mama ulifuata. Paja likainuka, naye akaachilia. Macho ya Mama yalikuwa barabarani na bega lake lilikuwa limegusana na la mumewe, na Dereva alikuwa anatazama mahindi ya watu nje ya dirisha, ametulia, hajui kwamba anaendesha.

Nilifungua mdomo nimwambie. Mama alinitazama mara moja juu ya kichwa cha mumewe, nikaufunga.